Mkaa unaokaa

"Hili nalichukua," alisema mama mchuuzi, akilionyesha tuta la kulia kwa ncha ya kandambili. Kisha akageukia la kushoto, akaguna. "Na huyu mgonjwa wako, dada'angu, kalishwa nini?"

Mgonjwa alikuwa tuta la mkaa.

Matuta yote mawili niliyasia siku moja, mbegu za kikopo kimoja, nikayamwagilia kwa keni moja, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. La kulia nililifanyia kama wanavyofanya wote pale: mbolea ya kuku kidogo chini, baadaye yurea ya kukuzia. La kushoto nililipa hayo hayo, tena nikalizidishia gunia zima la chenga za mkaa nilizozitwanga kwa mchi Jumamosi mbili mfululizo, mpaka nikipenga kamasi inatoka nyeusi. Siku ya 24 mchicha wa kulia ulikuwa umenifika gotini, umeufunika udongo wote. Wa kushoto ulikuwa na kimo cha kiganja, majani ya chini yamepauka.

Mama akang'oa, akakung'uta mizizi, akajaza viroba viwili. Akanihesabia Sh 12,000, akasimamisha bajaji ya kwenda Feri.

Nilibaki na keni mkononi.

Wiki nyingi zimepita na jambo hili halijaniachia. Halinisumbui kwa ajili ya hela, maana mchicha wa tuta moja haumtajirishi mtu. Linanisumbua kwa sababu nilikuwa nimesoma, nimehesabu, nimetoa jasho, halafu nikashindwa na nilichokifanya kwa mazoea.

## Mchanga huu ni chujio

Aliyewahi kulima Kibada anaujua mchanga wake. Unamimina maji, unahesabu moja, mbili, tatu, yamekwenda. Wenzetu wa Bonde la Msimbazi wana tope linaloletwa na mto kutoka milima ya Pugu (na vingine unavyoleta, tusivyopenda kuvitaja wakati wa kula). Huku Kigamboni hatuletewi kitu. Udongo ni mweupe, ukiushika unateleza kati ya vidole kama sukari.

Pale shambani kuna mzee mmoja, jirani yangu wa kisimani, anayelima matembele, chainizi na mchicha. Mwanzoni nilimwona bahili. Yurea anaitia kwa vidole vitatu, kidogo leo, kidogo wiki ijayo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya mgonjwa wa presha. Mimi nilikuwa namwaga kwa mkupuo mmoja nimalize kazi.

"Shikamoo mzee wangu. Mbona unaibania hivyo?"

"Marahaba. Mwanangu, mchanga huu ni chujio. Ukitia nyingi, unalisha kisima."

Baadaye nilikuta kemia inamuunga mkono. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Ikilowa kwenye udongo, vimeng'enya huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache tu kwenye joto letu hili, kisha bakteria huigeuza kuwa naitreti, ambayo ndiyo mchicha huipenda zaidi. Tabu ni kwamba naitreti haishikwi na chembe za udongo. Inakwenda na maji, na mchicha wetu unamwagiliwa mara mbili kwa siku. Unailipia dukani, unaimwaga juu, inaondokea chini.

Mwaka 2022, bei za dunia zilipopaa na mfuko wa kilo 50 ukapita Sh 100,000 kabla ya ruzuku kuja, hata sisi wa kununua kwa kilo tulianza kufikiria inakokwenda.

Ndipo nikakutana na bayocha.

## Nikasoma, nikalewa

Bayocha ni mkaa ulioandaliwa kwa ajili ya shamba. Unachoma vifuu, magunzi au pumba za mpunga bila kuyapa hewa ya kutosha, yasiishie kuwa majivu. Kinachobaki kina vitundu vidogo visivyohesabika, na vitundu hivyo vinashika maji na virutubisho. Kwa mtu mwenye mchanga usioshika chochote, hiyo ni habari ya kumnyima usingizi.

Kilichonilewesha hasa ni Amazoni. Kule Brazili, katikati ya ardhi duni iliyooshwa na mvua, kuna vipande vya udongo mweusi uliotengenezwa na binadamu, vingine zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na hadi leo vina rutuba kuliko ardhi ya pembeni. Ukivichimba unakuta mkaa.

Mkaa! Dar es Salaam hii, ambako kila mtaa una kibanda cha mkaa na kila kibanda kina chenga chini ya magunia! Niliona nimeikanyaga dhahabu miaka yote bila kujua.

Niliruka sentensi moja muhimu. Nilikuwa nimeshaamua, na mtu aliyeamua hasomi hadi mwisho.

## Mkaa wenye njaa

Mkaa mkavu ni ghala tupu.

Ukiuingiza shambani, kwanza unajijaza wenyewe. Vile vitundu nilivyovisifia vinavuta amonia ya yurea kabla mizizi haijaifikia. Halafu mkaa mpya unabaki na mabaki ya lami na gesi yanayowalisha vijidudu vya udongo, navyo vikishapata chakula hicho huongezeka, na ili viongezeke vinahitaji naitrojeni, vinaichukua ile ile ya mchicha. Mmea wenye umri wa wiki mbili hauwezi kushindana nao.

Vipimo vinavyotajwa mara nyingi kwenye majaribio ni kama tani 10 kwa hekta. Ukishusha hesabu hiyo hadi kwenye tuta la mita 1 kwa 10, unapata kilo 10. Mimi nilikuwa nimemwaga gunia zima, zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho, tena mkavu. Nilikaribisha watu 30 kwenye karamu ya wali wa watu 10, halafu nikashangaa wenyeji kulala njaa.

Hayo niliyaelewa wiki ya pili baada ya mama mchuuzi kuondoka. Nikajiambia basi, dawa ni kulijaza ghala kabla ya kulipeleka shambani. Nikachukua pipa la plastiki, nikatia mkaa na majivu yake yote (nilidhani majivu ni faida), mbolea ya kuku na yurea, nikalowesha, nikafunika na turubai.

Siku ya tatu nikafunua.

## Harufu

Kama umewahi kuingia kwenye banda la kuku wa broila lililofungiwa tangu jana, unaijua. Ilinipiga machoni kwanza, puani baadaye. Nilirudi nyuma hatua tatu nikikohoa. Mzee alikuwa mbali kidogo, akaacha kupalilia.

"Mwanangu, unapika nini huko?"

Nilikuwa napika amonia. Hela yangu ilikuwa inapaa angani huku naitazama, au tuseme huku nainusa.

Jioni ile nilifanya jaribio ambalo nalipenda kuliko mengine yote niliyoyafanya mwaka huu, pengine kwa sababu halikunigharimu kitu. Nilikuwa na juisi ya rosela kwenye friji. Nikamimina kidogo kwenye glasi mbili. Moja nikaikamulia ndimu, wekundu ukazidi kung'aa. Nyingine nikaidondoshea maji niliyoloweka ule mkaa wenye majivu. Wekundu ukafifia, ukapita kwenye rangi isiyo na jina, ukaishia kijani kama maji ya bwawa.

Majivu ni alkali, kinyume cha uchachu wa ndimu. Amonia ikikutana na alkali haikai ndani ya maji, inageuka gesi na kuondoka. Nilikuwa nimechanganya yurea, kinyesi cha kuku chenye vimeng'enya vya kuivunja haraka, na majivu ya kuifukuza. Mtu angetaka kupoteza mbolea kwa makusudi asingepata njia fupi zaidi.

Nilikaa na glasi ile ya kijani mezani mpaka mdogo wangu akauliza kama naiacha kwa ajili ya mtu.

## Jaa la bibi

Usiku ule ule nikakumbuka kitu ambacho ningekikumbuka mapema kama nisingekuwa nasoma mambo ya Brazili.

Nyuma ya jiko la bibi, Mkuranga, kulikuwa na jaa. Kila asubuhi alitupa pale majivu na chenga za mkaa, maganda ya mihogo, miiba ya samaki, maji ya kuoshea vyombo. Kuku walipekua na kunya humo kutwa. Sisi wajukuu, usiku tukiogopa kwenda chooni kwa sababu ya giza, tulimalizia palepale. Hakuna aliyepanda chochote kwenye jaa lile, lakini mchicha wake ulikuwa na majani mapana kama kiganja cha mtu mzima, na maboga yalitambaa hadi juu ya paa. Bibi akitaka mboga ya haraka alikwenda jaani kwanza, shambani baadaye.

Sentensi niliyoiruka ilikuwa ikisema hivyo hivyo. Udongo mweusi wa Amazoni hauna mkaa peke yake. Una mifupa ya samaki, kinyesi, mabaki ya chakula, vigae vya vyungu. Ni majaa ya watu walioishi mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mahali pamoja, kwa muda mrefu. Wakati huo sikuyapa maneno haya uzito.

## Tuta la tatu

Safari hii nilikwenda polepole. Chenga za kibandani niliachana nazo (nitaeleza), nikachoma vifuu na makumbi ya nazi, ambayo Kigamboni hayana mwenyewe. Nilichimba shimo la umbo la koni, nikawasha moto juu, kila tabaka lilipoanza kuvaa majivu meupe nikaongeza jingine juu yake lilizibie hewa. Mwisho nikauzima moto kwa maji mengi. Jirani mmoja alilalamika kwamba khanga zake zimenuka moshi, na alikuwa na haki.

Mkaa ule niliusuuza mara mbili ili majivu yatoke, nikauponda hadi chembe kubwa ikawa kama punje ya mahindi. Kilo 10. Nikauchanganya na mbolea ya kuku iliyokwisha kupoa, siyo ya jana, pamoja na gramu 100 za yurea iliyoyeyushwa kwenye ndoo ya maji. Nikafunika wiki mbili. Nilipofunua ulinuka udongo wa mvua ya kwanza, na nilifurahi kuliko mtu mzima anavyopaswa kufurahia harufu.

Ya kukuzia sikutumia yurea tena. Nilichukua SA (salfeti ya amonia), ambayo ina asilimia 21 tu ya naitrojeni lakini huutia udongo uchachu kidogo, ikapingana na alkali iliyobaki kwenye mkaa. Gramu 220 za SA zinabeba naitrojeni ile ile iliyomo kwenye gramu 100 za yurea. Niliigawa mara mbili, kwa vidole vitatu, kama mzee.

Siku ya 22 mama mchuuzi alisimama mbele ya tuta lile, akainama, akavunja shina moja akalitafuna.

"Huyu amepona," akasema.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mtu mwaminifu hawezi kuishia hapo, kwa sababu sijui nimpe nani sifa. Tuta la tatu lilipata mkaa uliojazwa, lilipata pia mbolea ya kuku iliyopoa, lilipata SA badala ya yurea, lilipata mbolea kwa mafungu, na mvua mbili za jioni. Nilibadilisha mambo matano kwa mpigo. Huo siyo utafiti, ni mapishi. Ninachoweza kukiapia ni kimoja: nilipojisahau nisimwagilie jioni moja, matuta ya jirani yalinyong'onyea asubuhi, langu halikunyong'onyea.

Na niseme jingine, kwa wale wanaoniandikia kwamba mboga za mbolea ya dukani ni sumu. Naitrojeni ya kuku, ya yurea na ya mkojo wa wajukuu wa bibi, zote zikifika kwenye mzizi nyingi yake inaingia kwa sura ile ile ya naitreti. Mchicha hautofautishi. Tofauti ni kipimo. Mchicha ni mmea wenye tabia ya kulimbikiza naitreti ukilishwa kupita kiasi, na kijani kile cha kuiva kinachotuvuta gengeni mara nyingine kinatokana na mtu aliyemwaga kwa mkupuo siku tano kabla ya kuuza. Nakijua kijani kile, nilikuwa nakiuza.

## Chenga za nani?

Kuhusu chenga za kibandani, nilikwenda kuchukua gunia la pili nikakuta zina bei. Watengenezaji wa mkaa mbadala wanazigombania. Hapo ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: mkaa wa jiji hili ni miti ya Pwani, Morogoro na kwingineko. Serikali ilizipa taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 hadi Januari 31, 2024 ziachane na kuni na mkaa. Mimi nilikuwa natafuta njia mpya ya kuuhitaji.

Vifuu vinatosha. Maganda ya madafu pia, ukiwa na subira ya kuyakausha, na subira hiyo mimi sina.

## "Na wewe?"

Mzee alifuatilia hayo yote bila kunicheka, isipokuwa mara moja. Ilikuwa siku niliposambaza mkaa kwenye tuta la tatu.

"Hiki kitu kinakaa muda gani ardhini?"

"Hakiozi upesi, mzee wangu. Sehemu kubwa inakaa miaka mia na zaidi."

"Na wewe?"

Sikuelewa. Akaonyesha kwa jembe: kiwanja changu, chake, cha yule wa bamia, mpaka kwenye nguzo za mpaka zilizopakwa rangi nyekundu. Hakuna hata mmoja wetu mwenye kipande pale. Tunalima viwanja vya watu wanaosubiri hela za kujenga. Yeye amekwishahamishwa mara tatu, na mara moja chainizi ilikuwa na siku nne tu ivunwe. Wengine tunaowafahamu wanalima chini ya nyaya za umeme mkubwa kwa sababu huko angalau hakuna atakayejenga.

"Yurea," akasema, "unaila mwezi huu huu."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye matembele yake. Lakini nilibaki nimelishika jembe kama siku ile ya keni, kwa sababu alikuwa amenijibu swali ambalo nilikuwa nalitafuta kwenye kemia. Nilidhani wakulima wa mboga wa jiji hili hawatumii vitu kama bayocha kwa kutojua. Mzee anajua. Alijua kuhusu chujio kabla yangu. Anapima mbolea yake kwa umri wa ruhusa aliyonayo, na mchicha ni zao la siku 21 kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mwenye kiwanja anayeshindwa kusubiri siku 21.

Yurea ni mbolea ya mpangaji. Mkaa ni wa mwenye nyumba.

Wazee walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nilikuwa nikiusikia msemo ule kama kuwasifu watembeaji. Pale kiwanjani, nikiwa nimezungukwa na watu wanaotembea kutoka kiwanja hadi kiwanja na majembe yao begani, neno "mkaa" lilinigeukia kinywani.

## Simu kutoka Mwanza

Mwenye kiwanja ni mtu mstaarabu. Alipiga Jumapili, akanisalimia kwa kirefu, akaulizia kazi, akaulizia mama, akanipa pole ya joto la Dar. Mpaka anafika kwenye tofali nilikuwa nimeshajua.

"Dada, fundi anaanza msingi Jumatatu ijayo. Si hii, ile ya baada ya hii."

Nilimshukuru. Nimelima kwake miaka miwili bila kodi, isipokuwa kumfukuzia wavamizi.

Kisha nikafanya hesabu ya kipuuzi. Tuta la mita 1 kwa 10, ukichota sentimita 15 za juu ambako mkaa uko, ni mita moja na nusu ya ujazo. Mchanga wa namna hiyo una uzito wa tani 2 na zaidi. Haihamishiki. Niliamua kuchukua viroba 14, nivipange uani ninapopanga chumba, kila kiroba mashina manane ya mchicha. Mwenye nyumba amekubali, mradi visizuie gari lake.

Mzee alinisaidia kuchota. Alipofika kwenye tabaka jeusi alisimama, akachukua konzi moja, akaikamua. Ilibaki imeshikamana kiganjani, na alama za vidole vyake zikabaki juu yake. Akaitazama kidogo, akaitia kwenye kiroba changu. Nilimwambia achukue viroba viwili vya kwake. Akasema nimwachie kimoja, ataona pa kukiweka.

Kijana wa guta alipofika alinyanyua kiroba cha kwanza kwa mkono mmoja, akakirudisha chini, akakishika kwa miwili.

"Dada, hii saruji?"

"Udongo."

Akaangalia mchanga kushoto, akaangalia kulia.

"Unaupeleka wapi?"

"Mtaa wa pili hapo."

"Kule hakuna udongo?"

Tulipatana Sh 15,000, na akataka nimlipe kwanza.